Usiache Mbachao: Habari ya Mzee na Motokaa Yake ya Zamani

Karibu na mji wa Karatina, katika nchi ya Nyeri, yuko mzee mmoja aliyekuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Ana shamba la kahawa, ng'ombe watatu, na banda la mabati lililojengwa kwa kazi moja tu, nayo ni kulaza motokaa. Motokaa yenyewe ni Peugeot 404 ya rangi nyeupe, aliyoinunua mwaka 1979 baada ya kutumiwa na watu wengine wawili. Nyuma ya banda palikuwa na motokaa nyingine ya namna ile ile, isiyo na injini wala magurudumu, imekaa juu ya mawe, na kuku wakitaga katika kiti chake cha nyuma.

Asubuhi moja ya Januari 2019 lori liliingia uani. Alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, amekuja na vijana wawili, minyororo na mizani. Hakuja kwa bahati, bali aliitwa na mwana wa mzee, ambaye ni karani huko Nairobi, naye mwenyewe alikuwa amefika usiku uliotangulia. Binti yake alikuwa ameitwa kuingia kidato cha kwanza, na karo ilikuwa bado haijatimia.

"Baba," akasema mwana, kwa sauti ya heshima lakini imara, "motokaa hii hailimi, haikamuliwi, wala haitagi. Bima yake yataka fedha, na tairi zake zataka fedha. Mjukuu wako anangojea karo. Tuitunze ya nini?"

Mzee alikaa kimya kitambo. Kisha akajibu, "Mwanangu, maneno yako hayana kosa. Lakini kitu kilichotunzwa miaka arobaini hakiuzwi kwa asubuhi moja. Mpe mgeni chai, angojee mpaka jioni."

Basi hapo ndipo penye swali ambalo wengi hujiuliza waonapo mtu akisugua chuma cha zamani kwa kitambaa na nta. Dunia imejaa motokaa mpya, zilizo nyepesi, zenye kasi, zisizotumia petroli nyingi. Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu apende motokaa, pikipiki au eropleni ambayo umri wake ni sawa na wa baba yake? Je, ni upumbavu wa wazee, au iko maana ndani yake?

Kwa mzee huyu jambo lilianza zamani, alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano makubwa ya motokaa katika Afrika ya Mashariki, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na tangu mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Yalikuwa yakifanywa wakati wa Pasaka, yaani wakati mvua za masika zinapofika, na njia zake zilipita katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1968 mvua ilinyesha bila huruma. Motokaa 93 zilianza safari, na zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Nyingine zilizama katika mito, nyingine zilikwama katika tope, nyingine zilivunjika zikaachwa porini. Waliotangulia wote walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Watu hao wawili walikuwa wameshinda pia mwaka 1963, kwa motokaa ya namna iyo hiyo, katika mashindano ambayo motokaa 84 zilianza na 7 tu zikamaliza. Na katikati yake, mwaka 1966 na 1967, Peugeot 404 ilishinda tena ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania.

Kijana yule alikuwa ametembea kwa miguu tangu alfajiri ili apate mahali pazuri kando ya barabara. Aliona motokaa zikipita zimepakwa matope mpaka juu, taa zimevunjika, na madereva macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wala hazikuwa motokaa za ajabu. Zilifanana na zile zilizochukua abiria kila siku kati ya Nairobi na miji ya bara, na zile ambazo walimu na madaktari waliziendesha. Ndilo jambo lililomshika moyo, kwamba kitu cha kawaida, kikiundwa vizuri na kuendeshwa na mtu asiyekata tamaa, kinaweza kushinda mvua na mlima. Alianza kuweka akiba. Ilimchukua miaka kumi na mmoja.

Lakini mapenzi ya namna hii hayapatikani Karatina peke yake. Yafaa kutazama huko motokaa zilikoanza.

Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1865 iliamuru kwamba kila gari liendalo barabarani kwa nguvu ya mtambo litanguliwe na mtu anayetembea kwa miguu, ameshika bendera nyekundu. Mwendo wake usizidi maili 4 kwa saa mashambani, wala maili 2 mjini. Sharti la bendera lililegezwa baadaye, lakini mwendo ulibaki ule ule wa kobe. Hata tarehe 14 Novemba 1896 sheria mpya ikaruhusu mwendo wa maili 14, na siku hiyo wenye motokaa wakafurahi kwa kusafiri kutoka London mpaka Brighton, mji ulio pwani. Tangu mwaka 1927 safari hiyo imekuwa ikikumbukwa karibu kila Novemba, isipokuwa miaka michache kama ile ya vita. Kanuni yake ni moja, kwamba motokaa iwe imeundwa kabla ya mwaka 1905. Mapambazuko yakitoka, magari ya zaidi ya miaka mia moja huondoka Hyde Park yakitoa moshi na mlio. Mengi hayana kioo cha mbele wala paa. Wenye magari hulowa, hutetemeka kwa baridi, husukuma penye vilima, na wafikapo Brighton hucheka kama watoto. Hakuna anayeshindana kufika wa kwanza, maana sifa ni kufika tu.

Katika Marekani iko habari ya Ford Model T, iliyoundwa tangu mwaka 1908 mpaka 1927, na hesabu yake ikapita milioni 15. Ilikuwa motokaa ya mkulima hasa. Tanki lake la petroli lilikuwa chini ya kiti, wala halikuwa na pampu, bali petroli ilishuka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe. Kwa hiyo penye mlima mkali, tanki likiwa karibu tupu, petroli haikufika na injini ilizimika. Wakulima wakafanya nini? Waligeuza motokaa, wakapanda mlima kinyumenyume! Mpaka leo, wenye kuzitunza motokaa hizo husimulia jambo hilo kwa furaha kubwa kuliko sifa zake nyingine zote. Hapa yumo siri moja ya mapenzi haya. Mashine ya zamani ina tabia, kama vile mtu au punda alivyo na tabia, na mwenyewe hujifunza kuishi nayo.

Upande wa pikipiki, Royal Enfield ilianza kuunda pikipiki katika mji wa Redditch, Uingereza, mwaka 1901. Mwaka 1932 ilitoa aina iitwayo Bullet. Mwaka 1955 kazi ya kuunda Bullet ilianzishwa pia Madras, katika Bara Hindi, kwa haja ya jeshi na polisi. Kiwanda cha Uingereza kilikoma mwaka 1970, lakini kile cha India kiliendelea, na hata katika karne hii watu wamekuwa wakinunua Bullet mpya yenye umbo la zamani. Ni ajabu ya biashara, kwamba mtoto wa kulea alibaki hai baada ya mzazi kufa, na umbo ambalo wauzaji wangesema limepitwa na wakati ndilo linalotakiwa.

Na eropleni je? Tarehe 25 Julai 1909, Mfaransa Louis Blériot aliruka kutoka Ufaransa mpaka Uingereza juu ya bahari, kwa muda wa dakika kama 37, katika eropleni ya mbao, kitambaa na nyaya, yenye injini ya nguvu za farasi 25. Eropleni nyingine ya aina hiyo, nayo iliundwa mwaka 1909, imetunzwa katika kijiji cha Old Warden, Uingereza, katika mkusanyiko ulioanzishwa na kijana Richard Shuttleworth. Yeye alikufa mwaka 1940 katika ajali ya eropleni, akiwa rubani wa jeshi, na mama yake akaweka wakfu mali yao ili kazi ya mwanawe isipotee. Eropleni ile huinuliwa kidogo tu juu ya majani, jioni ambayo hakuna upepo kabisa. Watu hukaa kimya kuitazama. Nyingine za huko, zilizotumika katika vita vya 1914 mpaka 1918, zina injini ambazo silinda zake zenyewe huzunguka pamoja na panga la mbele, na hulainishwa kwa mafuta ya mbarika. Harufu ya mafuta hayo huwafikia watazamaji, na wazee husema kwamba harufu hurudisha miaka kuliko picha.

Nchi ya Kenya nayo haikubaki nyuma. Uwanja wa eropleni wa Wilson, mjini Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1933, na tangu mwaka 1962 umechukua jina la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, wakati eropleni zilikuwa ndogo na rubani akikaa wazi katika upepo. Tangu mwaka 1970 yamekuwapo Nairobi mashindano ya Concours d'Elegance, ambayo kwa miaka mingi yamefanywa katika uwanja wa farasi wa Ngong. Humo motokaa na pikipiki hazikimbizwi, bali hukaguliwa ndani, nje na hata chini ya matumbo yake. Tena tangu mwaka 2003 kumekuwa na Safari ya motokaa za zamani, ambayo hurudia vumbi na matope ya siku zile.

Walakini mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya matajiri wenye nafasi tu. Maana yake yaonekana vizuri zaidi katika banda la mzee wa Karatina.

Mchana ule, mgeni akinywa chai chini ya mti, mzee alimwita mjukuu wake, yule msichana aliyekuwa akingojea karo, wakaingia bandani pamoja. Alifungua boneti. Injini ya 404 ina silinda nne, nayo imelazwa upande badala ya kusimama wima, kwa hiyo sehemu zake nyingi hufikiwa kwa mkono.

"Babu, hii ni nini?" akauliza msichana.

"Hiyo ni kabureta. Hapo petroli huchanganyika na hewa. Ukifuata bomba hili kwa kidole utafika kwenye pampu, na ukifuata lile utafika kwenye tanki. Hakuna kilichofichwa."

Hapo mzee alisema neno kubwa kuliko alivyodhani. Motokaa za leo huongozwa na kompyuta, na zikiugua, fundi huunganisha kompyuta nyingine ili aulize ugonjwa. Hilo si baya, maana zimekuwa salama kuliko za zamani, moshi wake ni mchache, na hazisumbui mara kwa mara. Lakini mwenyewe hazijui. Amekuwa kama mpangaji katika nyumba yake. Mashine ya zamani humlazimisha mtu kujua sababu ya kila jambo. Plagi ikiwa nyeusi, mchanganyiko una petroli nyingi. Kontakti zikiungua, cheche hudhoofika. Betri ikilala kabisa, 404 ina tundu katika bampa ya mbele la kupitishia hendeli, na mtu mwenye mkono wenye nguvu huweza kuiwasha bila kumwomba jirani. Aliyezoea kutafuta sababu katika injini huzoea kuitafuta pia katika ugonjwa wa kahawa na katika hesabu za chama.

Msichana alipewa hendeli. Alionyeshwa namna ya kuishika, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, ili injini ikirudi nyuma isimvunje mkono. Alizungusha mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu motokaa ilikohoa, ikatetemeka, ikawaka. Baba yake, aliyekuwa uani akipiga simu, aligeuka. Mwana huyo mwenyewe alizaliwa mwaka 1981, na siku alipotoka hospitali aliletwa nyumbani katika kiti cha nyuma cha motokaa ile. Motokaa hiyo ilimpeleka bibi yake kaburini. Ilichukua maharusi wa kijiji wasiohesabika, na magunia ya kahawa mwaka ule gari la chama lilipovunjika. Mwana alikuwa akiyajua haya yote, ila hakuwa ameyafikiri siku nyingi.

Lakini karo ni karo. Mlio wa injini haulipi ada ya shule, na mzee alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akasimama nyuma ya banda, akatazama ile motokaa ya pili, iliyokaa juu ya mawe. Alikuwa ameinunua miaka mingi nyuma ili apate vipuri. Kila mwaka alisema ataifanyia kazi, na kila mwaka kuku walitaga. Kando yake palikuwa na chesisi ya trela, mapipa yaliyotoboka, pampu ya maji iliyokufa, na rundo la mabati yenye kutu. Vitu vyote hivyo alikuwa akiviita mali.

Hapo akatenganisha mambo mawili ambayo wenye kupenda vya zamani huyachanganya mara nyingi, yaani kutunza na kurundika. Kilichotunzwa kina kazi, hata kama kazi yake ni kufundisha au kufurahisha. Kilichorundikwa ni uzito tu.

"Wewe na mimi tuna saa tatu," alimwambia mjukuu wake. "Lete spana na bisibisi."

Wakafanya kazi mpaka jua likaelekea magharibi. Walitoa taa mbili, vioo vya milango, kioo cha mbele, kabureta ya akiba, vishikio, saa za mbele ya dereva, na vyuma vidogo ambavyo msichana aliviandikia majina katika vipande vya karatasi na kuvifunga kwa uzi. Mwana wa mzee alivua koti akaja kuwasaidia, kwa kuwa kioo cha mbele hakiwezi kutolewa na watu wawili bila kupasuka. Mzee alipotaka kutoa na mlango mmoja, jua lilikuwa limezama, akauacha. Kisha akamwita mgeni.

Vijana waliipandisha motokaa ile tupu juu ya lori kwa minyororo, pamoja na trela, mapipa, pampu na mabati. Mzee alisimama karibu na mizani akisoma kila uzito kwa macho ya karani, na mara mbili akaamuru upimwe tena. Fedha zilihesabiwa mezani. Hazikutosha. Zilizopungua zilitoka kwa mtamba mmoja aliyeuzwa soko lililofuata. Jumatatu ya pili msichana aliingia shule.

Yawezekana wako watakaosema kwamba mzee alikosa hesabu, kwa kuwa angeuza ile nyeupe angebaki na mtamba wake. Kwa hesabu ya siku moja ni kweli. Wengine watasema kwamba alikosa kwa kuuza ile ya vipuri, maana siku mlango wa nyeupe utakapoharibika hataupata mwingine. Na hilo ni kweli pia. Yeye mwenyewe hakusema kwamba hakupoteza kitu. Lori lilipotoka langoni, alilitazama mpaka taa zake zikapotea, kisha akarudi bandani akafunga mlango.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakusema kwamba mbacha ni mzuri kuliko msala, wala hawakukataza msala mpya. Walionya tu kwamba kilicho chako, ulichokizoea na kukijua, usikitupe kwa sababu tu kingine kinapita njiani kikimetameta. Na mbacha usiofagiwa utaliwa na mchwa, hata ukiitwa wa babu.

Kwa hiyo mwenye motokaa, pikipiki, hata baisikeli ya zamani, na afikiri mambo machache. Kama inaenda, aitunze iendelee kwenda, maana mashine hufa kwa kukaa kuliko kwa kutumika. Hati zake aziweke mahali pakavu, kwa sababu motokaa isiyo na hati ni taabu kwa warithi. Fundi mzee aliye karibu naye amheshimu, tena ampelekee kijana wa kujifunza kabla fundi huyo hajaondoka na ujuzi wake. Na kama kitu kimekufa kabisa, atoe kinachofaa, kilichobaki akiache kiende, bila kujidanganya.

Likizo ya Aprili mwaka ule, msichana alirudi kutoka shule na daftari. Alikuwa amechora ndani yake injini ya silinda nne iliyolazwa upande, na kila sehemu ameiandikia jina kwa wino. Mahali pamoja aliacha nafasi wazi.

"Babu," akasema, "hapa sikukumbuka. Twende bandani unionyeshe."